Jina Lililovuka Zambezi: Santuri za Ziwani na Nyimbo Zisizoandikwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Zimbabwe ikiwa ndiyo kwanza imejipatia uhuru, kulikuwa na bendi moja iliyoongozwa na Ephraim Joe na kuitwa Sungura Boys. Humo walipitia vijana waliokuja kuwa majina makubwa ya muziki wa nchi hiyo, wakiwemo John Chibadura na Simon Chimbetu. Muziki wao wa magita ya kasi ukashika jina la sungura, na hadi leo mwanamuziki Alick Macheso akipanda jukwaani, Wazimbabwe husema wanakwenda kusikiliza sungura. Jina hilo lilisafiri kutoka Kenya likiwa limechapwa kwenye duara la karatasi katikati ya santuri: lebo ya Sungura, mali ya mtayarishaji Phares Oluoch Kanindo. Hata jina la Kanindo mwenyewe lilitumika huko kuuita muziki wa gita uliotoka Afrika Mashariki.

Ni heshima ambayo kampuni chache za muziki zimewahi kuipata. Nchi iliyo ng'ambo ya mto Zambezi inauita muziki wake kwa jina la lebo iliyolishwa na wapiga magita wa mwambao wa Ziwa Victoria. Historia hii inastahili kusimuliwa Kisumu kwa fahari. Inastahili pia kusimuliwa kwa makini, kwa sababu inaonyesha jinsi hazina kubwa ya nyimbo inavyojengwa, na jinsi inavyoweza kuwaponyoka wenyewe ikiwa haikuandikwa.

Reli, meli na gita

Reli ya Uganda ilifika ukingoni mwa ziwa mwezi Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, Kisumu ya leo. Kuanzia hapo mji ukawa njia panda. Meli zilitoka bandarini kwenda Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell, na treni ya usiku ikapanda kwenda Nairobi. Abiria walibeba mizigo yao, na walibeba nyimbo pia.

Nyimbo zilikuwepo kabla ya reli. Mpiga nyatiti wa Kiluo aliketi chini, kidole gumba cha mguu kikiwa kimevaa pete ya chuma ya kugongea ubao, akasifu wafu na walio hai kwa nyuzi 8. Orutu, chombo cha waya mmoja kinachokwaruzwa kwa upinde, kiliongoza dansi. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, askari wa King's African Rifles waliporejea vijijini Nyanza, baadhi yao walikuwa na gita mkononi na gramafoni kwenye sanduku. Vijana waliolishika gita hawakuiacha nyatiti nyuma. Waliuhamishia ule mchomo wa nyuzi moja moja kwenye gita, kila uzi ukisikika peke yake, na besi ikizungumza kwa sauti nzito chini yake.

Miaka ya 1950 Nairobi ilikuwa tayari na maduka ya santuri yaliyorekodi nyimbo kwa lugha nyingi za Kenya, kama vile African Gramophone Stores na Capitol Music Stores. Wenye maduka walijua biashara yao. Mtu aliyenunua gramafoni alitaka kusikia lugha ya kwao. George Ojijo na wenzake walirekodi nyimbo za gita za Kiluo, na miaka ya 1960 akaja John Ogara na Ogara Boys, pamoja na Nelson Ochieng' Orwa, aliyejulikana zaidi kama Ochieng' Nelly. Mtindo waliousuka ndio tunaouita benga.

Kijana wa Shirati

Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, upande wa Tanzania, mwendo mfupi kutoka mpakani. Aliingia Kenya akiwa kijana na gita lake, akaunda bendi iliyokuja kufahamika kwa jina la Shirati Jazz. Aliimba mapenzi, aliimba Biblia, aliimba siasa kwa mafumbo ambayo kila mkulima wa Nyanza aliyaelewa, na zaidi ya mara moja mafumbo hayo yalimtia mikononi mwa polisi. Mashabiki wakamwita Mfalme wa Historia.

Misiani ni mfano mzuri wa jinsi soko la ziwani lilivyokuwa. Kiluo chake kilieleweka Musoma, kikaeleweka Migori, kikaeleweka Kisumu na katika mitaa ya Nairobi walikoishi watu wa Nyanza. Msanii mmoja aliweza kuuza katika nchi mbili bila kubadilisha neno hata moja. Mfanyabiashara mwenye macho aliona kuwa hili halikuwa soko dogo la kijijini.

Santuri zenyewe zilikuwa ndogo, za inchi 7, zilizozunguka mara 45 kwa dakika. Ukiishika moja leo utaona mambo yote ya biashara kwenye kile kiduara cha karatasi: jina la lebo juu, namba ya orodha pembeni, jina la wimbo, jina la bendi, na mara nyingine jina la mtunzi ndani ya mabano. Upande mmoja haukuweza kubeba zaidi ya dakika chache, na wimbo wa benga haukubaliani na haraka hiyo. Kwa hiyo wimbo ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza ulibeba maneno: mwimbaji akisimulia, gita la solo likimjibu baada ya kila mstari. Ukigeuza, upande wa pili ulibeba magita peke yake, kasi ikipanda, na majina ya watu yakitajwa katikati: rafiki aliyesaidia nauli, mwalimu wa kijijini, mwenye baa. Mtu aliyetajwa kwenye santuri aliinunua, na jamaa zake pia waliinunua. Hivyo sifa ikawa sehemu ya mauzo.

Duka la POK

Kanindo alianza kampuni yake, POK Music Stores, katika kipindi ambacho kampuni za kigeni zilikuwa ndizo zenye mitambo. Herufi hizo tatu ni za mwanzo za majina yake. Mitambo ya kuchapa santuri ilikuwa Nairobi, na makampuni kama EMI na Phonogram yalikuwa na fedha na mashine. Walichokosa ni masikio ya kujua ni bendi gani inayojaza ukumbi Homa Bay mwisho wa mwezi. Hapo ndipo mtayarishaji mwenyeji alipokuwa na thamani. Aliwajua wanamuziki kwa majina, alijua koo zao na madeni yao, na alijua wimbo gani utapendwa kabla haujachapwa.

Katika miaka ya 1970 lebo za Kanindo zilikuwa miongoni mwa nguzo za benga. Kampuni ilitoa santuri chini ya majina kadhaa, yakiwemo POK, Kanindo na Sungura. Kutumia lebo nyingi ilikuwa desturi ya biashara hii yote. Lebo moja ilijulikana kwa lugha fulani, nyingine kwa mtindo fulani, na mwenye duka aliweza kuagiza bila kusikiliza kila santuri, kwa kuwa lebo ilimwambia anachopata. Orodha ya namba ikaendelea kupanda, wimbo juu ya wimbo, na orodha hiyo ndiyo iliyokuwa mali ya kampuni.

Wanamuziki nao waliijua hesabu hiyo. Mwaka 1972 Ochieng' Nelly na Collela Mazee walianzisha Victoria Jazz, bendi iliyobeba jina la ziwa lenyewe. Jina lilipopendwa, likazaa mengine: Victoria Kings, Victoria B Kings, Victoria C Kings. Wapiga vyombo walihama kutoka kundi moja hadi jingine, na kila kundi lilikuwa na santuri zake. Kwa njia hiyo watu walewale walitoa nyimbo nyingi kuliko ambavyo bendi moja ingeweza, na kila mwezi palikuwa na Victoria mpya dukani.

Kanindo hakuwa peke yake. Kule Kericho, juu ya nyanda za chai, familia ya Chandarana iliendesha duka na studio iliyorekodi Waluo, Waluhya, Wakipsigis na Wakisii. Kwa bendi nyingi za magharibi, Kericho ilikuwa karibu kuliko Nairobi na gharama yake ilikuwa nafuu. Ukizijumlisha kampuni hizi, unapata jambo ambalo halikutokea kwa ukubwa huo sehemu nyingi za Afrika Mashariki: tasnia ya muziki iliyoendeshwa kwa lugha za nyumbani, ikijilipia yenyewe kwa santuri zilizonunuliwa na wakulima, wavuvi, makondakta na walimu.

Kuelekea kusini

Santuri za ziwani zilivuka mipaka mingi. Katika nchi iliyoitwa Rhodesia wakati huo, magita ya Kenya yaliingia kwa redio na kwa santuri madukani. Wapigania uhuru wa Zimbabwe nao walikuwa na kambi za mafunzo Tanzania na baadaye Msumbiji, na huko walizoea muziki wa Afrika Mashariki. Uhuru ulipofika tarehe 18 Aprili 1980, vijana waliorudi nyumbani walikuwa na ladha hiyo masikioni, na waliobaki nyumbani walikuwa nayo pia. Wapiga magita wa Zimbabwe waliichanganya na midundo ya kwao, na kufikia katikati ya mwongo huo sungura ilikuwa muziki wa taifa.

Jambo la kutafakari ni kile kilichovuka na kile kilichobaki. Sauti ilivuka. Jina la lebo lilivuka. Majina ya watunzi kwa sehemu kubwa hayakuvuka, na hata yalipovuka, hayakufuatwa na fedha. Shabiki wa Bulawayo aliweza kusema Kanindo bila kujua mpiga gita aliyekuwa akimpigia alikuwa nani.

Mpaka unafungwa, kanda zinaingia

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi 1983. Kwa biashara ya santuri hilo lilikuwa pigo la moja kwa moja. Soko moja la lugha moja likakatwa katikati, na santuri iliyokuwa ikipanda meli Kisumu na kushuka Mwanza ikageuka bidhaa ya magendo.

Pigo la pili lilikuja polepole na likawa kubwa zaidi. Kanda za kaseti zilifika. Mtu mwenye redio ya kaseti mbili aliweza kunakili albamu nzima jioni moja, na kibanda chochote cha stendi ya basi kikaweza kuwa kiwanda. Bei ya kanda ya wizi haikuwa na studio ndani yake, haikuwa na bendi, wala haikuwa na mtunzi, kwa hiyo daima ilikuwa ya chini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 makampuni makubwa ya nje yalianza kufungasha virago, mitambo ya santuri ikanyamaza, na orodha zilizojengwa kwa miaka 20 zikaachwa bila mwuzaji. Kanindo mwenyewe aliingia siasa na kuwa mbunge.

Muziki haukufa. Mjini Kisumu, Okatch Biggy na bendi yake ya Heka Heka walijaza kumbi katika miaka ya 1990, na muziki wa ohangla ukarudi kwa nguvu na vinanda vya umeme kupitia akina Tony Nyadundo. Ila wimbo mpya ulikuwa unasikika leo na kusahaulika kesho kutwa, kwa kuwa hapakuwa tena na kampuni iliyouweka kwenye orodha, ikauchapa tena baada ya miaka 5, na kuukumbusha umma kwamba upo.

Karatasi nyuma ya wimbo

Hapa ndipo inapofaa kueleza kilichokosekana, kwa kuwa watu wengi, hata wanamuziki, hukichanganya. Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na tuni. Ya pili ni rekodi, yaani sauti iliyonaswa siku ile studioni. Mwenye lebo hushika rekodi. Mchapishaji wa muziki hushughulikia utunzi: huusajili kwa jina la mtunzi, hutoa idhini kwa anayetaka kuuimba upya au kuutia kwenye filamu, na hukusanya mirabaha popote wimbo unapotumika. Rekodi ikichakaa, utunzi unabaki. Bendi ikivunjika, utunzi unabaki. Ndiyo maana makampuni makubwa ya dunia hununua orodha za tungo kwa mamilioni ya dola.

Katika biashara ya santuri ya Kenya, kazi hizi mbili kwa kawaida zilikaa chini ya paa moja, na ile ya pili ikafanywa kidogo sana. Wanamuziki wengi walilipwa fungu moja la fedha siku ya kurekodi, wakagawana, wakarudi nyumbani. Mara nyingi jina kwenye karatasi ya santuri lilikuwa la kiongozi wa bendi, hata kama tuni ilizaliwa na mpiga gita mwingine. Mikataba mingi ilikuwa ya mdomo. Chama cha Hakimiliki za Muziki Kenya, MCSK, kilianzishwa mwaka 1983, wakati ambapo nyimbo nyingi zilizoijenga benga zilikuwa tayari zimeshauzwa na kupigwa kwa miaka.

Matokeo ya karatasi kukosekana yanajulikana kote Kenya kupitia wimbo Malaika. Umeimbwa na Miriam Makeba, na Harry Belafonte, na Boney M, na bado watu wanabishana kama aliutunga Fadhili William, au Adam Salim, au Grant Charo. Umaarufu wote huo haujaweza kulijibu swali ambalo fomu moja iliyojazwa vizuri mwanzoni ingelijibu.

Mfano wa upande wa pili unatoka ziwani. Mwaka 1976 kundi la Black Savage lilirekodi Kothbiro, wimbo wa Kiluo kuhusu mvua inayokuja. Ayub Ogada, aliyekuwa katika kundi hilo, aliuimba tena kwa nyatiti kwenye albamu yake En Mana Kuoyo iliyotolewa na lebo ya Real World mwaka 1993. Mwaka 2005 sauti hiyo ilisikika kwenye filamu The Constant Gardener. Mwaka 2018 Kanye West alichukua kipande cha rekodi ya Black Savage na kukitia kwenye wimbo wake Yikes, na miongoni mwa watunzi waliotajwa wamo James Mbarack Achieng na Ayub Ogada. Ogada alifariki Februari 2019 huko Nyahera, nje kidogo ya Kisumu. Wimbo ulikuwa na miaka zaidi ya 40, umepita kwenye santuri, kwenye CD, kwenye filamu na kwenye simu za mamilioni ya vijana, na majina mawili ya Kiluo yalikwenda nao. Hiyo ndiyo kazi ya orodha iliyotunzwa.

Kazi ya kuandika upya

Wa kwanza kuzirudia zile santuri kwa makini walikuwa wageni. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 makampuni ya London na Marekani yalitoa mikusanyiko ya benga. Benga Blast! ya Shirati ilitoka 1989, na lebo ya GlobeStyle ikatoa The Mighty Kings of Benga ya Victoria Kings mwaka 1993. Mikusanyiko kama hiyo ilikuja na maelezo kuhusu wanamuziki, jambo ambalo santuri za awali hazikuwa nalo. Misiani alifariki kwenye ajali ya barabarani karibu na Kisumu mwezi Mei 2006. Miaka 4 baadaye, lebo ya Sterns ilitoa The King of History, mkusanyiko wa kazi zake za miaka ya 1970.

Kisha wenyeji wakaishika kazi hiyo. Tabu Osusa na wenzake wa Ketebul Music walizunguka Nyanza wakiwahoji wazee wa benga waliokuwa hai, na mwaka 2008 wakatoa Retracing the Benga Rhythm, kitabu kilichoambatana na nyimbo na filamu. Mwaka 2017 wakatoa Shades of Benga, kitabu kipana zaidi kuhusu muziki maarufu wa Kenya. Bila safari hizo, mengi ambayo leo tunayajua kuhusu Ogara, Ojijo na wenzao yangezikwa nao.

Lakini kitabu cha historia si rejista ya mali, na saa ya sheria inaendelea kuhesabu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaipa rekodi ya sauti ulinzi wa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kwa hesabu hiyo, rekodi za mwanzo wa miaka ya 1970, zile za miaka bora ya Victoria Jazz na Shirati, zimeshavuka ukomo huo. Utunzi unalindwa kwa muda mrefu zaidi: uhai wote wa mtunzi, na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Tungo za Misiani zinalindwa hadi mwisho wa 2056. Ina maana kwamba kwa familia nyingi za mwambao, mali iliyobaki si santuri tena, ni utunzi, na utunzi haudaiwi bila karatasi.

Vyombo vya kudai vipo, ingawa navyo vimeyumba. Mwaka 2017 Bodi ya Hakimiliki ya Kenya iliinyima MCSK leseni ya kukusanya mirabaha na kuipa jumuiya nyingine, MPAKE, na tangu hapo wanamuziki wameshuhudia mivutano isiyokwisha juu ya nani akusanye na nani agawe. Mivutano hiyo isiwe kisingizio cha kukaa. Jumuiya yoyote itakayokuwa na leseni itauliza maswali yaleyale: wimbo unaitwaje, nani aliutunga, nani alipiga, ulirekodiwa wapi na mwaka gani.

Majibu ya maswali hayo bado yapo Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Yapo kwenye santuri zilizohifadhiwa na wakusanyaji, kwenye daftari za maduka ya zamani, na hasa vichwani mwa wapiga besi na waitikiaji waliopanda treni kwenda kurekodi wakiwa na umri wa miaka 20 na sasa wana zaidi ya 70. Kaunti zina idara za utamaduni, vyuo vikuu vya Maseno na Jaramogi Oginga Odinga vina wanafunzi wanaojua Kiluo na wanaoweza kushika kinasa sauti. Kinachohitajika ni kuketi na mzee mmoja baada ya mwingine, santuri mezani, na kujaza kila wimbo kwa jina la aliyeutunga na warithi wake, kisha kuupeleka usajiliwe. Kanindo na wenzake waliijenga orodha kwa kuuza. Kizazi hiki kina wajibu wa kuikamilisha kwa kuandika, na kinapaswa kuanza na watunzi walio hai, kwa sababu wao wanaweza kutia sahihi wenyewe.